Acha Kulaumu Laptopu, Angalia Kolamu Zako

Wasee, leo nataka tugombane kidogo. Kila wiki naona mtu akilia ati hawezi kufunza mtandao wa neva kwa sababu hana GPU. Ati laptopu yake imezeeka. Ati sisi huku Kenya tutashindana aje na mashine zote za nguvu ziko Marekani. Mimi mwenyewe nilikuwa naimba huo wimbo hadi mwaka jana, na nilikuwa nimekosea. Shida yangu ilikuwa kwa kolamu za data. Na kukosea kwangu kulimgharimu binamu yangu pesa za deposti, so msinione nacheka sana leo.

Wacha nianzie mwanzo.

Niliamua kutengeneza kitu cha kukadiria kodi ya nyumba Nairobi. Kama umewahi kutafuta keja unajua venye huenda: bei inategemea sura yako, simu uliyoshika mkononi, na kama keateka ameamka vizuri. Nikajiambia, wacha nikusanye bei nyingi, nipee mtandao wa neva, uniambie bei ya haki ni gani. Nikapata kama nyumba 700. Kayole, Umoja, Roysambu, Kilimani, Rongai, Kitengela, Juja. Nyingine nilitoa kwa matangazo, nyingine nilitembea kwa miguu nikiuliza makeateka kama mtu anayehama kesho. Kwa kila nyumba niliandika kila kitu nilichoweza: ukubwa kwa mita za mraba, ukubwa kwa futi za mraba (ju matangazo mengine hutumia futi), idadi ya vyumba, idadi ya mabafu, kilomita hadi tao, dakika kwa matatu asubuhi, nauli ya asubuhi, nauli ya jioni. Nilijiona msomi. Kichwani kwangu, kolamu nyingi zilikuwa akili nyingi.

Hebu soma hiyo orodha tena polepole. Kilomita, dakika, nauli ya asubuhi, nauli ya jioni. Hizo ni kolamu nne na zote zinapiga kelele kitu kimoja: uko mbali na tao. Mita za mraba na futi za mraba ni kitu kimoja kabisa, unazidisha tu kwa 10.76. Vyumba na mabafu nao ni mtu na kivuli chake. Ni kama mkutano wa ploti ambapo watu wanne wa nyumba moja wanasimama kila mmoja kurudia maneno ya baba yao. Umesikia sauti nne, lakini kura ni moja.

Nikaanza kufunza. Feni ya laptopu ikalia kama mashine ya kusaga unga. Dakika tano za kwanza, makosa yakashuka vizuri hadi nikapiga picha ya skrini nikatuma kwa marafiki. Halafu yakakwama. Yaani yanashuka, lakini kwa mwendo wa konokono aliyebeba godoro. Nikiongeza kasi ya kujifunza, yanaruka juu na kulipuka. Nikipunguza, hayasongi. Nikaiacha usiku kucha. Asubuhi Mathe akaja mlangoni.

"Wewe, tokeni za stima nilinunua Jumapili zimeenda wapi?"

"Mathe, nafunza kompyuta."

"Tangu juzi? Na haijaelewa tu?"

Sikuwa na jibu. Nikazima mashine, nikajiambia mahali imefika patatosha, na nikatangazia watu ati kikadiriaji kiko tayari. Hapo ndipo niliharibu.

Binamu yangu alikuwa amepata nyumba karibu kabisa na tao ukiangalia ramani. Keateka anataka 14,000. Akanipigia, "Kaka, hebu uliza mashine yako." Mashine ikasema 14,000 ni bei ya haki, hata ni poa. Akalipa deposti na kodi ya mwezi wa kwanza. Wiki ya pili akajua jirani wake, nyumba sawa na yake, analipa 11,000. Na akajua kwa nini: kilomita ni chache, lakini barabara ya kuingia huko ni moja, imebomoka, na asubuhi unakaa kwa mat zaidi ya saa moja. Watu wa hapo walishakataa kulipa bei ya "karibu na tao" zamani. Kolamu ya dakika ilikuwa na hiyo habari. Data ilijua. Mtandao wangu ndio haukuwa umefika kuisoma.

Hapa ndipo hesabu inaingia, na naomba usikimbie, ju ni ndogo.

Chukua kolamu mbili tu, kilomita na dakika. Zisawazishe: toa wastani, gawa kwa mtawanyo, zote ziwe na ukubwa mmoja. Sasa sema zinatembea pamoja kwa korelesheni ya 0.99. Ukiziangalia kwa grafu, nukta zako zinafanya kama sigara iliyolazwa kimshazari: ndefu upande mmoja, nyembamba ajabu upande mwingine. Upande mrefu ni "zote zinapanda pamoja", na mtawanyo wake mraba ni 1.99. Upande mwembamba ni "moja imepanda na nyingine haijapanda", na wake ni 0.01. Gawa moja kwa nyingine unapata 199.

Hiyo 199 ndiyo ilikula tokeni za Mathe. Mtandao hujifunza kwa kushuka mteremko hatua kwa hatua, na hapa mteremko ni kama mtaro mrefu mwembamba. Kuta za mtaro ni kali, sakafu yake ni karibu bapa. Ukipiga hatua kubwa unagonga kuta huku na huku hadi unatoka nje. Ukipiga hatua ndogo hugongi kitu, lakini kutembea kwa sakafu hadi mwisho itachukua milele. Kwa mfano wa mstari mnyoofu, bila mbwembwe, hata ukichagua kasi bora kabisa, kila hatua inapunguza kosa kwa asilimia moja pekee. Kufikisha kosa kwenye asilimia moja ya lilivyoanza unahitaji kama hatua 460. Korelesheni ikiwa 0.5 unahitaji 7. Na ukiigeuza hiyo sigara kuwa duara, hatua moja tu, umefika.

460 dhidi ya moja. Laptopu ni ile ile. Mtandao wa kweli wenye tabaka kadhaa hauna hesabu safi hivi, lakini tabaka la kwanza linakula data yako moja kwa moja na linaumwa na ugonjwa huu huu.

Na sasa angalia kitu kilinichoma roho. Upande mwembamba, ule unaojifunzwa polepole, ni "kilomita chache lakini dakika nyingi". Ni nyumba ya binamu yangu! Mtandao ulijifunza haraka kitu kila mtu wa Nairobi anajua bila kompyuta, kwamba mbali ni rahisi na karibu ni ghali. Ile tofauti ndogo, ambayo ndiyo ilikuwa na thamani, ilikuwa kwa sakafu ya mtaro, na mimi nikazima mashine kabla haijafika huko.

Si ati hii ni siri. Mwaka 1998 Yann LeCun, Léon Bottou, Genevieve Orr na Klaus-Robert Müller waliandika makala inaitwa "Efficient BackProp", na ushauri wao kuhusu data unaweza kuuandika kwa kiganja: wastani wa kila kolamu uwe karibu na sifuri, ukubwa ufanane, na kama unaweza, kolamu zisiwe zinafuatana. Wanaeleza hata kitu sikuwa nimewahi kufikiria. Ukiwa na kolamu ambazo zote ni namba chanya, kama kilomita na nauli, basi uzito wote unaoingia kwa neva moja ya tabaka la kwanza lazima uongezeke pamoja au upungue pamoja kwa kila mfano. Ukitaka mmoja upande na mwingine ushuke, unaenda zigizaga kama mlevi anayetafuta geti. Kutoa wastani peke yake kunatibu mengi.

Na hesabu ya kugeuza sigara ni ya kitambo zaidi. Karl Pearson aliandika kuhusu kutafuta ile mielekeo mikuu ya data mwaka 1901, na Harold Hotelling akaipanua 1933. Sisi tunaiita PCA. Unazungusha data isimame kwa mielekeo yake yenyewe, kolamu mpya zinakuwa hazifuatani tena. Kisha unagawa kila mwelekeo kwa mtawanyo wake, na sigara inakuwa mpira. Wenyewe wanasema hapo data imekuwa nyeupe, kwa maana ile ya "shhhh" ya redio isiyo na stesheni, ambapo hakuna sauti inayofuata nyingine. Kwa kompyuta ni mistari kama mitano ya kodi (kodi ya programu, si ile ya landilodi).

Sasa najua kuna mjuaji hapo anasema, "Buda, hiyo ni ya kizamani, siku hizi tuna Adam na bachi nomalaizesheni." Nakubali nusu. Adam ni kitu ya maana, naitumia kila siku. Lakini Adam anarekebisha hatua kwa kila uzito peke yake. Anatibu kolamu moja kuwa kubwa na nyingine ndogo. Mtaro ukiwa umelala kimshazari, yaani kolamu mbili zinafuatana, yeye anauona mshazari na anabaki kuhangaika nao. Na hao jamaa wa bachi nomalaizesheni, Sergey Ioffe na Christian Szegedy, mwaka 2015, walianza kwa kukubali kwamba data nyeupe hufunza haraka. Waliacha kuifanya nyeupe kabisa kwa kila tabaka kwa sababu ni ghali, wakachukua njia ya mkato: kila kolamu isawazishwe peke yake.

Ni ghali kwao, manze. Wao wanacheza na picha. Picha ya pikseli 224 kwa 224 yenye rangi tatu ni namba 150,528. Jedwali la kuonyesha kila moja inafuatana aje na nyingine lingekuwa na namba bilioni 22 na zaidi, karibu gigabaiti 90. Hiyo hakuna laptopu ya hapa inaibeba. Mimi nilikuwa na kolamu nane! Jedwali langu lina namba 64. Simu ya mulika mwizi ingemaliza hiyo kazi. Ndio maana nasema tumekopi tabia za watu wenye shida tofauti na zetu. Wao waliruka hatua kwa sababu haiwezekani kwao, sisi tukairuka kwa sababu tuliona wao wameruka. Data nyingi ambazo kijana wa huku anashika ni jedwali: bei za nyanya sokoni, maziwa, bodaboda, mauzo ya duka la mzazi. Kolamu kumi, ishirini. Na hizo jedwali zimejaa vitu vinavyofuatana kwa sababu tunaandika kitu kimoja mara tatu kwa majina tofauti.

Kozi za mtandaoni pia nazilaumu. Nimemaliza tatu. Zote zinakupa data iliyooshwa tayari, unabonyeza, inafanya, unapewa cheti. Hakuna moja iliniambia nichore jedwali la korelesheni kabla ya kugusa mtandao. Ni kama kufunzwa kupika pilau na mchele uliochambuliwa na mtu mwingine, halafu siku ya kwanza nyumbani wageni wanatafuna mawe.

Baada ya aibu ya binamu nikarudi kwa ile data. Nikachora jedwali, na zile kolamu nne za umbali zilikuwa zinaangaliana zote kwa zaidi ya 0.9. Nikaona aibu. Nikasawazisha, nikazungusha, nikagawa. Nikawasha.

Ikaharibika kabisa. Afadhali ya kwanza!

Hii sehemu watu huwa hawasimulii, so sikiza. Nilikuwa nimeacha mita za mraba na futi za mraba zote ndani. Tofauti kati yao ni makosa ya kukadiria tu, ile mtu ameandika futi 300 badala ya 301.4. Mtawanyo wa huo mwelekeo ni mdogo ajabu. Na mimi nikaugawa kwa ule mtawanyo mdogo, kumaanisha nilichukua vumbi nikalikuza likawa sawa na umbali wa tao na idadi ya vyumba. Mtandao ukaanza kujifunza vumbi kwa bidii. Namba mbili zikifanana kabisa kabisa ni mbaya hata zaidi, ju unagawa kwa sifuri.

Kwa hivyo dawa hii ina kipimo. Kwanza, kitu kilichoandikwa mara mbili kitoe kwa mkono, usingoje hesabu. Futi zikaenda. Pili, mwelekeo mwembamba ujiulize: hapa kuna habari ama ni makosa ya kuandika? Kilomita dhidi ya dakika kulikuwa na habari, barabara mbovu ni kitu cha kweli. Nauli ya asubuhi dhidi ya jioni, kwa data yangu, ilikuwa hasa vile mvua ilinyesha siku niliyouliza. Kompyuta haiwezi kukuambia hiyo. Anayejua ni mtu amepanda hiyo mat. Tatu, unapogawa, ongeza namba ndogo chini ili vumbi lisikuzwe hadi dari. Na wastani na mzunguko vyote vitolewe kwa data ya kufunza pekee, kisha utumie hivyo hivyo kwa ile ya kujaribu, la sivyo umempa mwanafunzi karatasi ya mtihani usiku wa kuamkia.

Kuna bei nyingine sijaipenda. Ukishazungusha, kolamu zako hazina majina. Mtu akikuuliza "mbona nyumba yangu umesema 11,000?" huwezi kusema ni kwa sababu ya mwelekeo wa pili. Lazima urudishe hesabu nyuma hadi kwa kilomita na dakika. Lakini hata kabla ya kuzungusha, majibu yangu yalikuwa ya uongo. Kolamu zikifuatana sana, mtandao unaweza kugawa uzito vyovyote kati yao na makadirio yabaki karibu yale yale. Ile mara ya kwanza nilichapisha chati inayoonyesha ati nauli kubwa inapandisha kodi. Watu wa Rongai walinichana vizuri na walikuwa na haki. Na hii inanitia wasiwasi nikifikiria programu za mikopo ya simu. Aina ya simu yako, kredo unanunua, mtaa unaishi: hizo zinaweza kuwa kitu kimoja, pesa uliyo nayo, kimeandikwa mara tatu. Ukinyimwa mkopo ukaambiwa sababu ni moja ya hizo, hiyo sababu imechaguliwa aje? Kuifanya data nyeupe hakutibu hilo. Ubaguzi uliomo ndani unabaki ndani, unafunzwa tu haraka zaidi.

Na kama unatumia miti, yaani random foresti na ndugu zake, usihangaike na hii yote kwa ajili ya kasi. Miti hukata kolamu moja kwa wakati na haijali ukubwa. Kuizungushia data mara nyingine hata unaiharibia. Pia ukiwa na kolamu nyingi kuliko mifano, kuifanya data nyeupe kabisa kunaweza kufuta habari uliyoihitaji. Sisemi ni dawa ya kila homa. Nasema ni kitu cha kwanza kuangalia kabla hujaenda kukopa pesa ya GPU, na huku kwetu tunakiangalia cha mwisho, kama tunakiangalia.

Basi mara ya tatu, na kolamu sita zilizobaki, nikawasha tena saa mbili usiku. Nilikuwa nimejiandaa kulala nikiiacha. Nikaenda jikoni kupasha chai, nikarudi, makosa yalikuwa yameshuka chini ya mahali yalikwama ile mara ya kwanza baada ya siku mbili. Chai ilikuwa bado haijachemka. Nikaingiza nyumba ya binamu. Ikasema 11,400.

Nilimpigia simu usiku huo huo. Akanyamaza kidogo, halafu akauliza, "Kwa hivyo saa hii ndio inajua?" Keateka alikataa kurudisha hata shilingi, na mkataba ni wa mwaka. Tangu huo mwezi namtumia 1,500 kila tarehe tano, nusu ya ile tofauti ya jirani. Imebaki miezi saba. Mathe naye alisema nikitaka kufunza kitu kingine usiku, tokeni ninunue mwenyewe.